Robo Yangu ya Chuo

6 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie, na natumaini kifua kilichokuwa kinakusumbua kimekuacha. Mimi mzima, ukiondoa goti, ambalo siku hizi linanitabiria mvua bila kuombwa. Bati la jikoni lilivuja, jirani yangu fundi cherehani akaja kuliziba kwa lami, sasa linavuja mahali pengine. Paka aliyeachwa na marehemu mkeo amenenepa na hana adabu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikikupigia huwa uko mahakamani, au unaendesha gari, au mtandao unakatika pale pale ninapofika penye swali. Barua haikatiki.

Jumanne alikuja kijana amevaa tai, katumwa na mawakili wa kampuni moja yenye vyuo vingi. Akapanga karatasi mezani, akasema, "Mama, weka sahihi hapa, na hapa, na hapa penye alama."

"Ni za nini?"

"Utaratibu tu, Mama."

Mwanangu, nimefundisha watoto kusoma tangu nikiwa binti mpaka nikastaafu, halafu mtu aniambie niweke sahihi kabla sijasoma. Nikamwekea chai, nikavaa miwani, nikasoma mpaka chai yake ikapoa. Chuo cha sheria kinauzwa. Hisa zako wewe umeshazitolea sahihi. Zimebaki zangu.

Hisa mimi sikuziomba. Unajua binti yangu sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nilimwita Wakili tangu alipokuwa mdogo, akibishana na baba yake saa ya kulala, akimtaka atoe ushahidi kwamba kweli ni usiku. Wakili alipofariki ukaniambia sheria inasema nusu yake ya chuo igawanywe kati yako na mimi. Basi mwalimu wa darasa la kwanza akawa na robo ya chuo cha sheria. Majirani walicheka, na mimi nikacheka nao, mara ya kwanza tangu mazishi.

Sasa niambie, kwa nini habari hii nimeipata kwa mtu mwenye tai?

Sahihi sijaweka.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Kesi zimekuwa nyingi na jaji wetu mpya anapenda kuahirisha. Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri. Goti usilidharau, nenda hospitali.

Nilipaswa kukuambia mwenyewe. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini. Hali yenyewe ni kwamba wahadhiri wetu wazuri wameondoka. Bodi inayosimamia vyuo vya sheria ilituma wakaguzi, nao wakaandika kwamba chuo hakina mkuu. Ni kweli. Kwenye karatasi mimi ni kaimu mkuu, lakini chuo hakiendeshwi na karatasi. Tumekatazwa kupokea wanafunzi wapya. Hiyo kampuni inataka kibali chetu, na itawahamishia waliobaki kwenye majengo yake nje ya mji. Jina la chuo halitaendelea.

Unakumbuka kilivyoanza. Mimi nilitaka ofisi ya uwakili yenye zulia. Binti yako akaja na habari ya watu wanaofanya kazi mchana ambao wangependa kusoma sheria jioni, makarani, askari, wauguzi, na akasema zulia litasubiri. Tukakodi ghorofa juu ya duka la vioo. Kila alipofika kwenye jambo zito akifundisha, fundi wa chini naye ndipo anakata kioo, darasa zima linauma meno. Yeye alisema ni vizuri, wakili lazima azoee kusema huku mtu anamkera.

Tulijiandikisha nusu kwa nusu. Msajili wa makampuni akamuuliza, "Mkitofautiana, nani mwenye neno la mwisho?" Akamjibu, "Hatutofautiani." Tulitofautiana kila wiki, Mama, na kila wiki alishinda yeye.

Nakuomba uweke sahihi. Ndilo jambo la busara.

Mwanao

2 Aprili

Mkwe wangu,

Hujambo? Huku tumeamka salama. Binti wa fundi cherehani ameolewa na mtu wa mbali, na mama yake anashona usiku na mchana ili asiwe na nafasi ya kulia. Paka kaniletea panya mpaka kitandani, nadhani ni zawadi.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha ya mwanafunzi mwerevu ambaye hakujibu swali. Bodi nimeielewa. Wakaguzi nimewaelewa. Wewe uko wapi humo ndani? Mtu aliyesimama mahakamani akawatoa watu jela anashindwa kuongoza darasa moja la watu wazima?

Sitaweka sahihi, na sababu nitakupa, ingawa si jambo la mama mkwe kumwambia mkwewe. Uzee una ruhusa zake.

Wewe na mwanangu hamkujaliwa mtoto. Mlihangaika na madaktari, kisha mkanyamaza, nami nikanyamaza pamoja nanyi. Mngeacha hata mmoja, mimi na wewe tungekuwa ndugu mpaka kufa. Ungeniletea likizo, angenivunjia vikombe, ningekupigia simu kukulalamikia. Sasa hayupo. Kilichobaki kati yangu na wewe ni hicho chuo. Nikiuza robo yangu, siku tukikutana barabarani tutasalimiana kama watu waliowahi kupanda basi moja.

Halafu, unakula nini? Nani anakupikia? Wewe ulikuwa unaunguza hata maji. Katika barua nzima hukunitajia nyumba yako hata kwa neno moja.

Mama yako

27 Mei

Mama, shikamoo,

Nimechelewa tena, na sina sababu nzuri. Nilikuwa najaribu kuandika barua hii.

Bodi imetupa mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo wanafunga mlango, na kila mwanafunzi atajitafutia pa kuanza upya.

Umeuliza niko wapi. Mama, tangu siku ile sijapanda ngazi za chuo.

Unajua alianguka akiwa anafundisha. Hujui alivyoshushwa, kwa sababu sikuwahi kukuambia. Ngazi zile ni nyembamba, machela haikupita kwenye kona. Wanafunzi wakamlaza juu ya benchi, wakalibeba, mmoja akishuka kinyumenyume huku anapapasa ukuta. Mimi nilikuwa natoka mahakamani, nimefika mlango wa chini, nikaona benchi linakuja. Nikadhani wanahamisha samani. Nikawapisha, Mama. Nilisogea pembeni ili benchi lipite.

Siku hizi nikienda chuoni naishia dukani kwa fundi vioo. Shughuli zote za mkuu nazifanyia kwenye meza yake, katikati ya vumbi la kioo, na yeye haniulizi kitu, ananisogezea kiti tu. Wahadhiri wakagundua. Ukimtumikia mkuu anayeongoza chuo akiwa chini ya ngazi, mwisho utatafuta kazi kwingine. Siwalaumu.

Kuhusu chakula, nakula.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Pole. Neno lenyewe dogo, lakini kubwa kuliko hilo sinalo. Hata mimi ningelipisha lile benchi. Mtu yeyote angelipisha.

Sasa sikiliza, maana nimekuwa na siri na haijanikaa vizuri. Wiki iliyopita nilikuja huko mjini.

Nilishuka kwenye basi na goti langu, nikaulizauliza mpaka kwenye duka la vioo. Fundi alinitazama tu, akafuta mikono, akanishika kiwiko kunipandisha. Alijua mimi ni nani. Wakili alikuwa amechukua sura yangu yote, pua na ubishi. Juu nikakuta darasa limeanza. Mzee mmoja mwenye koti lililochakaa viwiko alikuwa anafundisha mikataba. Akasimama.

"Mama, kama umekuja kujiandikisha, samahani. Tumekatazwa kupokea."

"Sijaja kujiandikisha. Mimi ni mwenye chuo."

Wakatazamana.

"Robo," nikaongeza.

Darasa likacheka. Kisha dada mmoja wa nyuma, amevaa sare ya uuguzi, akaacha kucheka, akasimama, na wengine wakasimama mmoja mmoja. Alinikumbuka kutoka mazishini. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Baada ya kipindi muuguzi yule alikaa na mimi. Nilitegemea atanishukuru kwa kukataa kuuza, na kweli alinishukuru, kwa adabu, halafu akainamisha kichwa.

"Mama, mimi nimebakiza mwaka mmoja. Nauguza mchana, nasoma jioni, wanangu wamezoea kunikuta nimelala na kitabu usoni. Kikifungwa itabidi nianze upya. Na sitaanza upya. Najijua."

"Hata kama wakilifuta jina la mwalimu wako?"

"Inauma," akasema. "Lakini yeye kila jioni alikuwa anatuambia, malizeni. Hakuna siku alituambia kaeni."

Hapo nilishindwa kesi, mwanangu. Karatasi zimo ndani ya bahasha hii. Sahihi zangu nimeziweka zote penye alama.

La pili. Nilipotoka chuoni nilikuja kwako. Nilitaka kukushtukiza, nikuambie kwamba nimekubali. Nikafika kwenye geti. Kwenye kamba palikuwa na nguo zimeanikwa, shati lako la bluu, magauni, na nepi, mstari mzima wa nepi. Mwanamke akatoka ndani na beseni.

"Karibu, Mama. Unamtafuta nani?"

"Nimepotea njia," nikasema.

Akanipa kiti na maji ya kunywa. Akataka kuniitia mtu wa kunisindikiza hadi stendi, kwa ajili ya goti. Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka. Mtoto alikuwa analia ndani, na yeye hakumkimbilia, alingoja mpaka mgeni ameaga. Ni mwanamke mwenye adabu.

Kwa hiyo sasa najua nani anakupikia. Sitasema nimekasirika. Hasira naijua, na hii siyo. Lakini nilikuuliza nikikuachia njia ya kunijibu, na ukanijibu, "Nakula."

Mama yako

28 Juni

Mama, shikamoo,

Najibu siku hiyo hiyo niliyopokea.

Mke wangu aliniambia jioni ile. Alisema kuna mama mmoja alipotea njia, akanywa maji, lakini alikuwa anautazama mlango kama mtu anayeujua. Nikajua ni wewe. Tangu siku hiyo naisubiri barua yako kama mshtakiwa anayesubiri hukumu, na mimi nimekaa upande ule wa mahakama mara nyingi mno kuwatuliza wengine.

Tulioana mwaka jana, kimya kimya, mbele ya msajili. Ni mkalimani mahakamani. Alikuwa ananiletea chai wakati mimi hata sioni nani kaniletea. Mtoto ni wa kike, ana miezi minne. Mke wangu amekuwa akinisukuma nikuandikie tangu siku ya kwanza. Hilo naomba ulijue, kosa si lake.

Kwa nini sikusema. Wazazi wangu unajua nilizika mapema. Duniani amebaki mtu mmoja ambaye nikimwita Mama anaitika. Niliogopa kwamba nikisema nimeoa, barua itakayokuja itaanza na "Bwana Wakili", na ndani yake mtakuwa na adabu tupu. Wewe uliogopa kupoteza ndugu kwa kuuza robo, na mimi niliogopa hivyo hivyo kwa sababu yangu. Tumekaa tukivuta kamba moja kila mtu upande wake.

Na kulikuwa na jingine. Nilijua ukisikia kuna mtoto utawaza nini. Utawaza kwamba basi upungufu ulikuwa kwa mwanao. Mama, madaktari hawakutuambia ulikuwa kwa nani, na sisi tulikubaliana tusiulize. Aliniambia, "Tukijua, mmoja wetu atakuwa na deni." Sasa inaonekana kama mimi nimekwenda kuuliza bila yeye.

Karatasi nimezipokea.

Mwanao, kama bado

22 Julai

Mwanangu,

Umeona nimekuitaje. Basi hilo tuliache.

Habari za huku ni nzuri kiasi. Mvua imeisha, goti limenyamaza, bati halivuji kwa kuwa hakuna cha kuvuja.

Ulichodhani nitawaza, nilikiwaza. Nilikiwaza ndani ya basi, njia yote, na jirani yangu wa kiti akaniuliza kama naumwa. Sikumwonea mtoto uchungu, mtoto hana kosa. Nilimwonea mwanangu. Nilikumbuka namna alivyokuwa akibeba watoto wa wenzake, akiwashika vizuri, halafu akiwarudisha haraka. Kuna siku nilimwambia asikate tamaa. Natamani nisingesema hata hilo.

Naona furaha kwamba una mtu. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, ingawa halijafika kila mahali mwilini mwangu. Jana nilisimama jikoni peke yangu nikajaribu kutamka "mjukuu wangu". Neno lilifika kwenye meno likarudi. Nikajaribu tena leo asubuhi. Usinilazimishe, na wala usiniletee kwanza. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi hata kovu bado.

Njoo wewe peke yako, ukipata nafasi.

Mkeo mwambie maji yake yalikuwa baridi, na yalinifaa.

Mama yako

10 Agosti

Mama, shikamoo,

Chuo kilifungwa Ijumaa ya mwisho ya Julai. Nimeona ni haki yako kujua kilivyokwenda.

Nilipanda ngazi. Fundi vioo alitangulia mbele yangu, mgongo wake tu ndio nilioutazama. Kwenye kona nilisimama, naye akasimama bila kugeuka, tukakaa hivyo mpaka nikamgusa bega.

Mwalimu wa mikataba alikuwa anamaliza kipindi cha mwisho. Somo lilikuwa namna mkataba unavyofikia mwisho. Akawaambia mkataba huisha kwa kutimizwa, au kwa makubaliano, au kwa kuvunjwa. Kisha akawaambia kuna mikataba ambayo huisha kwa sababu mmoja wa waliofunga amekufa, kwa kuwa kazi ile hakuna mwingine wa kuifanya kwa niaba yake. Akafunga kitabu. Hakuna aliyeandika hiyo ya mwisho.

Wanafunzi walishusha madawati na mabenchi wenyewe hadi kwenye lori la kampuni. Nikauliza ni lipi kati ya yale mabenchi. Wote walijua. Muuguzi wako akanipa meza ndogo niibebe.

Pale mlangoni palikuwa bado na kioo chenye jina la chuo, na chini yake jina la binti yako na cheo chake. Sikuwahi kuruhusu libadilishwe. Kampuni ilitaka kioo kiachwe kitupu kwa mpangaji mpya. Fundi ndiye aliyeyaandika maneno yale siku ya kwanza, kwa hiyo akachukua wembe kuyakwangua. Jina la chuo aliliondoa lote. Alipofika kwenye jina la binti yako akasimama, akasema vumbi limemwingia machoni, akanipa wembe. Nikamalizia mimi. Rangi ilitoka kwa urahisi, Mama. Nilidhani itashika.

Muuguzi amesajiliwa huko kwa kampuni. Wote wamesajiliwa. Hilo wametimiza.

Nitakuja Oktoba, peke yangu.

Mwanao

3 Novemba

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na basi halikuharibika njiani. Nakuandikia yale ambayo nilishindwa kuyasema ulipokuwa hapa, maana ana kwa ana sisi wawili ni watu wa hovyo kabisa. Tulikaa siku nzima tukizungumzia bati.

Ulipolala kwenye chumba cha Wakili, ukalala mpaka jua likawa utosini, nilikuja mara kwa mara kuchungulia. Paka alikuwa amekulalia miguuni na hukumfukuza. Nilitaka kukuamsha ule, nikaona bora ulale. Sijui umelala usingizi kama huo mara ya mwisho lini. Nilikaa mlangoni nikachambua mboga zangu polepole ili nisimalize.

Jioni ulinionyesha picha ya mtoto kwenye simu, nikasema, "Mzuri," nikakurudishia simu haraka. Uliona, nikakuona umeona, ukaiweka mfukoni. Alikuwa mzuri kweli. Masikio yako.

Kisha stendini, dereva ameshawasha gari, ulishusha kioo ukaniuliza, "Mama, nirudi nao?" Nikajifanya sisikii kwa ajili ya mngurumo. Nilisikia.

Nimelibeba swali lako wiki mbili. Sina robo tena, sina chuo, na Wakili harudi kwa kukataliwa mtoto wa mtu. Lile neno bado halijatoka vizuri. Pengine linahitaji mtoto mwenyewe awe mbele yangu, anavuta mkia wa paka.

Basi njooni Desemba, wote watatu. Kitanda nitatandika. Sitakuahidi kwamba sitalia nikimwona. Mkinikuta nalia msinibembeleze, na mkeo asidhani ni yeye. Mwekeni mtoto chini acheze. Nitanyamaza mwenyewe.

Mama yako